Bolti ya Oili na Safari ya Bokoli

Miaka ya themanini nilikuwa dereva wa trekta katika shamba la mahindi nje ya Kitale, na mke wangu alikuwa mwalimu Bokoli, upande wa Bungoma. Kilichotuunganisha kilikuwa pikipiki yangu kuukuu. Kila mwisho wa mwezi niliipanda kwenda kumwona yeye na binti yetu wa miaka mitatu. Hata sasa nikinusa oili ya injini, nazitamani Jumamosi zile mpaka kifua kinauma.

Mwaka mmoja msimu wa kupanda ulinikosesha safari mbili. Barua ikafika: "Baba watoto, fanya uje. Mtoto ameanza kumwita kaka yangu baba."

Chakula kilinishinda. Nilimwonea wivu shemeji ambaye hakuwa amenikosea lolote.

Ijumaa nikabadilisha oili, kisha bolti ya kutolea oili chini ya injini nikaikaza kwa spana niliyoiongezea kipande cha bomba, vile tulivyokaza plau. Sisi watu wa trekta tuliamini kwamba bolti isiyolia haijakaza. Hii ililia mara moja, ikaanza kuzunguka bure. Meno yote ya ndani ya tundu yalikuwa yamekatika.

Kwa ukaidi nikaizungushia uzi wa katani, nikapaka sabuni ya kipande, na Jumamosi asubuhi nikaondoka. Sijafika hata Kiminini, buti langu limelowa oili. Nikaisukuma kurudi Kitale, nikiitukana pikipiki kana kwamba ndiyo iliyoshika spana.

Fundi wa mjini alichungulia chini akacheka.

"Wewe ni mtu wa trekta, si ndiyo? Hii injini ni laini kama sufuria, bana. Si plau."

"Gongea tu bolti kubwa, niende. Mtoto wangu ananisahau."

"Nikigongea itapasuka, na hutaenda kabisa. Ngoja."

Nikangoja, roho juu. Alipaka kekee grisi ili vumbi la chuma lishikwe hapo lisiingie ndani, akapanua tundu polepole, akalichonga meno mapya. Halafu akatengeneza bushi ndogo ya shaba yenye meno nje na ndani, akaikaza mle tunduni. Bolti yangu ya zamani ikaingia kwa vidole tu.

"Sasa malizia na spana fupi," alisema. "Mkono moja. Na hiyo bomba yako, tupa."

Nikajaza oili mpya, nikaondoka saa saba mchana. Kila nilipomaliza kupanda kilima nilisimama nikapapasa chini ya injini, nikakuta pakavu, nikazidi kuomba nisiwe nimechelewa.

Bokoli nilifika jua likingali juu. Mke wangu alitoka jikoni na unga mikononi, akicheka kwa furaha, lakini binti yangu alimtangulia. Alikuwa anakokota kigoda, jinsi alivyofundishwa kuwapokea watu, na alikuwa amekua kiasi cha kunitia woga. Akakiweka mbele yangu, akanipa mikono yote miwili.

"Karibu, mgeni," alisema. "Baba ameenda Chwele sokoni."

Mke wangu aliacha kucheka. Nilikikalia kile kigoda, viganja vikinuka oili, nikamwambia binti yangu kwamba nitamngoja huyo baba arudi.