Mbunge wa Dola Mia Aliyejificha Nyuma ya Theluji

Ikifika saa sita mchana, Leland Gaudette anavua kizibao chake cha rangi ya chungwa, anakitundika kwenye msumari wa kibanda cha dampo, anavuka geti na kuanza kuomba kura.

Dakika chache zilizopita alikuwa mfanyakazi wa mji wa Haskett, akimsaidia bibi mmoja mjane kushusha kochi lililotafunwa na panya. Sasa ni mbunge anayetetea kiti chake katika bunge la jimbo. Bibi yuleyule anapita na gari lake likiwa tupu, anashusha kioo.

“Yaani ulikuwa unasubiri nitoke nje ndiyo uniombe?”

“Kule ndani siasa hairuhusiwi, mama. Nikiwa kazini nashughulika na takataka tu.”

“Haya, omba basi.”

Leland anainamisha kichwa. “Naomba kura yako Jumanne.”

“Ongea na mimi, usiongee na buti zako.”

Hapa Haskett hakuna gari la taka linalopita majumbani. Kila mtu huleta uchafu wake mwenyewe Jumamosi, na mgombea asiyesimama kwenye geti la dampo watu humhesabu kuwa hayupo. Ng’ambo ya barabara amesimama mpinzani wake, Candace Whitlow, wakala wa bima, ameshika boksi la donati na anamwita kila dereva kwa jina. Leland hana donati. Ana mikono mikubwa iliyopasuka kwa baridi, na hajui aiweke wapi.

Gari dogo la kijani linasimama, anashuka Noreen Labombard, mama wa miaka sitini na kitu anayeongoza kampeni yake bila kulipwa hata senti. Ameleta boksi la kadi mpya za kampeni kutoka kiwanda cha uchapaji. Kwenye kadi yumo Leland na kofia yake ya kazini, amempakata mtoto mchanga. Chini yake pameandikwa: “Alitusafishia njia.”

“Gawa hizi,” anasema Noreen. “Zimetoka vizuri mpaka mimi nimelia.”

Leland anachota kadi, anazisukumia kwenye mfuko wa koti, na kwa muda wote tuliosimama naye sisi wa gazeti hatoi hata moja. Noreen anapomuuliza kama zimeisha, anajibu kwamba bado zipo.

Leland ana miaka hamsini na tisa. Kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa akiendesha lori la kusukuma theluji, yeye na mwenzake mmoja tu, Dwight Pelkey, kila mmoja na lori lake. Kazi hiyo inampa dola ishirini na tatu kwa saa. Ubunge unampa dola mia moja. Si kwa siku, ni kwa mwaka mzima, pamoja na pesa ya mafuta ya kwenda makao makuu ya jimbo, mwendo wa saa mbili. Ndiyo maana bunge hilo limejaa wastaafu na watu wenye nafasi zao, na wachache kama Leland, ambao kila kikao wanaomba ruhusa kwa bosi.

“Watu wanadhani nimeolewa na mheshimiwa,” anasema mkewe, Rosalie, ambaye ni msusi. “Mheshimiwa mwenyewe wiki iliyopita kaniomba hela ya tairi.”

Alichaguliwa miaka miwili iliyopita kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza, na kwa sababu alitoa ahadi moja ambayo kila mtu aliielewa. Hospitali iliyo chini ya bonde, robo saa kutoka Haskett, ilikuwa na wodi ya wazazi iliyokuwa ikiishi kwa ruzuku ya jimbo. Kulikuwa na mswada wa kuikata ruzuku hiyo. Leland aliahidi kuupinga.

Mswada ulipigiwa kura Februari ya mwaka jana. Siku hiyo theluji ilianguka tangu alfajiri. Leland alipiga simu makao makuu akasema hawezi kuja, barabara za mji haziwezi kuachwa. Mswada ukapita kwa kura moja; kura zingelingana, ungeanguka. Kabla ya kiangazi wodi ikafungwa, na hospitali nyingine yenye wakunga iko ng’ambo ya mlima, zaidi ya saa moja hata kwa hali nzuri ya hewa.

Hapa Haskett hakuna aliyemlaumu. Kinyume chake, akawa shujaa. Kwenye mgahawa wa kona walisema wabunge wengine walikwenda kupiga soga, wa kwao alikuwa barabarani akihangaikia watu wake. Walimnunulia kahawa. Akiingia mlangoni tu, kikombe kilikuwa mezani.

Halafu likaja la Januari mwaka huu. Kelsie, binti yake Noreen, alishikwa na uchungu asubuhi wakati barabara ya mlimani haionekani. Noreen alimpigia Leland. Leland akatangulia na lori lake, akisukuma theluji, pikapu ya kina Kelsie ikimfuata nyuma. Hawakufika. Mtoto alizaliwa ndani ya pikapu, kwenye kituo cha mafuta chini ya mlima, na Leland akavua koti lake ili afunikwe nalo. Ni mvulana, mzima wa afya, sasa ana miezi kumi. Wazazi wake walimpa jina Owen Leland.

“Jina la pili ni langu,” anasema Leland.

Mchana tunamfuata kwenye gereji ya mji. Yeye na Dwight wanafunga beleshi la chuma mbele ya lori, maana utabiri unasema theluji ya kwanza iko njiani. Ni kazi ya watu wawili waliozoeana. Mmoja anasogeza lori polepole, mwingine anaita kwa mkono, na matusi ya kirafiki hayakatiki.

“Taratibu, mheshimiwa, hapa si bungeni, huku vitu vinasogea kweli.”

Mwandishi anauliza swali la kawaida tu, la kujazia daftari: siku ile ya kura ya mswada theluji ilikuwa nyingi kiasi gani?

Spana ya Dwight inasimama. Anamtazama mwenzake. Leland anazima injini, anashuka, na anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kana kwamba itatakata.

“Mwambie,” anasema.

“Nimwambie mimi? Kwani mdomo huna?”

Leland anakaa kwenye ngazi ya lori.

“Ilikuwa theluji ya kila siku,” anasema. “Dwight alisema angeimudu peke yake.”

“Nilimwambia nenda,” Dwight anaongezea kwa upole, akitazama pembeni. “Nilikuwa nimeshamtilia kahawa kwenye chupa, aende akinywa njiani.”

“Chupa hiyo niliinywea ndani ya lori. Nilikuwa nasukuma theluji kwenye barabara ambayo Dwight alikuwa ameshaipitia. Niliipita mara mbili. Ya tatu nikaona haya, nikaegesha nyuma ya kanisa.”

Anasema chanzo ni mwezi wake wa kwanza bungeni. Alisimama kuzungumzia daraja bovu la Haskett. Alikuwa ameyakariri maneno yote jikoni, mbele ya Rosalie. “Nikasema, ‘Mheshimiwa Spika, watu wa Haskett…’ basi. Ulimi ukagoma. Nilisimama pale, jasho jembamba likinitoka, wote wameniangalia. Mtu mmoja nyuma akacheka. Nikakaa.”

Kwa mswada wa hospitali jina lake liliwekwa kwenye orodha ya wasemaji. Wenzake upande wake walikuwa wameshapiga hesabu, wakasema mswada utaanguka. “Nikajiambia kura yangu moja ya nini. Nikaiona theluji dirishani, nikaishukuru. Niliingia mitini, ndiyo ukweli wenyewe. Akina mama wa bonde zima wakapoteza wodi kwa sababu mimi niliogopa kuchekwa.”

Kisha lililomuumiza zaidi likawa kushukuriwa. Laiti wangemzomea, anasema, pengine angejitetea na mambo yangekwisha. Lakini utamjibu nini mtu anayekununulia kahawa? Kila mara alipotaka kusema, mtu alimpiga bega. Na baada ya mtoto kupewa jina lake, roho ilimsuta hadi akaanza kukwepa kupita mtaa wa kina Labombard, yeye ambaye kazi yake ni kupita kila mtaa.

Kwa nini basi anayasema sasa, siku tatu kabla ya uchaguzi, tena mbele ya gazeti?

“Kwa sababu ya ile kadi. Maneno ya mdomoni hupotea. Ile imechapishwa, ina uso wa mtoto.” Anakunja kitambaa, anakikunjua. “Andika. Ila nipe mpaka jioni. Noreen asije akayasoma kabla hajayasikia kwangu.”

Jioni ukumbi wa wakulima umejaa. Ni usiku wa maharage, kama kila mwaka Jumamosi ya mwisho kabla ya kura. Maharage yamekaa ovenini tangu asubuhi, yamepikwa na sukari guru na nyama ya nguruwe, na watu wanakula wamebanana kwenye meza ndefu. Baada ya kula, kila mgombea hupewa dakika mbili.

Noreen yuko jikoni anaosha masufuria. Leland anaingia, anachukua taulo bila kuambiwa, anaanza kukausha vyombo. Mlango uko wazi, na mwandishi anasimama palepale alipoambiwa na Leland asimame.

“Noreen, zile kadi usizigawe.”

“Picha hujaipenda? Nilimwambia Kelsie akuvue hiyo kofia.”

“Picha nzuri. Maneno ndiyo si ya kweli.”

Anamweleza. Hachukui muda. Maji ya bomba yanaendelea kumwagika, na Noreen hayafungi mpaka Leland amemaliza.

“Dwight alijua?”

“Alijua.”

“Rosalie je?”

“Nimemwambia leo nilipoenda kuoga.”

Noreen anatazama povu kwenye sinki. “Kwa hiyo muda wote huu mimi nakuokea mapai, nakuletea mpaka mlangoni, na wewe unakula.”

“Nilikula.”

“Mwanangu alijifungulia kwenye gari, Leland. Zulia la gari lilikuwa na tope. Nilikuwa nimemshika kichwa, nikakuona unavua koti, nikasema moyoni, Mungu katupatia mtu.”

Masikio ya Leland yamekuwa mekundu. Sahani iliyo mkononi mwake imekauka zamani, bado anaifuta.

“Kuogopa nakuelewa,” anasema Noreen. Sauti yake iko chini, na hilo linatisha kuliko kelele. “Mimi mwenyewe siwezi kusimama mbele za watu. Ungeniambia tu. Ningepanda gari nikaenda na wewe, nikakaa pale wanapokaa wageni, ukaniangalia mimi badala ya kuwaangalia wao. Lakini hukuniambia. Ukaona bora aibu yako uifiche, na sisi tukaibeba bila kujua.”

“Kama jina la mtoto mnataka…”

“Jina lishaandikwa. Usituongezee kazi.”

Anavua aproni, anaitundika, anatoka. Amebakiza sufuria moja chafu. Leland anaiosha, anaikausha, na inamchukua muda mrefu kuliko inavyostahili.

Tunamkuta kwenye korido, karibu na makoti. Amemwomba mwenyekiti wa mkutano amtangulize yeye, awe msemaji wa kwanza, kabla ya Candace. Rosalie amemfunga tai. Inamkaba, na hainui mkono kuilegeza.

Je, anatarajia kushinda? Anatikisa kichwa taratibu. Hajui. Candace ni mtu wa watu, ataongea vizuri, na baada ya leo huenda wengi wakampa kura, nao watakuwa na haki. Akirudishwa, atapeleka mswada wa kuirudisha ruzuku wiki ya kwanza. Asiporudishwa, ataomba siku ya mapumziko aende vilevile. “Mbele ya kamati mwananchi yeyote anaruhusiwa kuongea. Hata aliyeangushwa. Na Candace akitaka lifti, nitampa.”

Na kwa usiku huu, anatumaini nini?

Anafikiri. “Kumaliza sentensi.”

Mwenyekiti anamwita. Leland anatembea katikati ya meza, mtu anampiga bega, mwingine anampungia kijiko. Dwight ameinamia sahani yake bila kula. Leland anafika mbele, anashika kingo za meza, na midomo yake inasogea bila sauti. Watu wanasubiri. Kule nyuma mtu anakohoa.

Noreen anainuka kutoka benchi la nyuma wanapokaa wapishi. Amempakata Owen Leland. Anavuta kiti kimoja kwa mkono uliobaki, kinaburuzika sakafuni kwa kelele mpaka mbele kabisa, hatua chache tu kutoka kwa mgombea wake. Anakaa. Hatabasamu, hata kidogo. Anamtazama tu.

Leland anaacha kuzitazama buti zake, anamtazama yeye.

“Watu wa Haskett,” anasema, “siku ile ya kura, barabara ilikuwa imeshasafishwa.”