Koki ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa marehemu mdogo wangu, alikuwa fundi bomba miaka thelathini na minane. Nusu ya mtaa huu inaoga kwa kazi ya mikono yake. Umeme ulipopanda bei, watu walimshauri aitupe hita yake ya zamani, tangi la kuchemshia maji ya kuoga. Akakataa katakata.

"Tangi zima hili," alisema. "Ubaya wake ni kula umeme tu."

Akaliacha palepale bafuni, akafunga paneli ya jua juu ya paa na kuunganisha mabomba. Ngazi nilimshikia mimi. Majirani walikuwa wakitazama tu, mikono kiunoni.

Kosa lilikuwa moja: ndani ya paneli alitia maji matupu. Kwetu msimu wa baridi maji huganda usiku, na yakiganda bomba la shaba hupasuka ukasikia pa! Kwa hiyo kila jioni alilazimika kufunga njia ya kwenda kwenye tangi na kufungua koki ya chini, maji ya paneli yamwagike uani. Asubuhi anajaza upya. Mtaa ukamwita Bwana Koki.

Mdogo wangu alipofariki, binti yao anayeishi mwendo wa siku nzima kwa basi akawa anamwita baba yake kila mwaka. Alikuwa amezaa mara mbili, na babu hajamwona mjukuu hata mmoja. Jibu lake ni lilelile: "Koki atafungua nani?"

Nikamwambia nitafungua mimi.

"Utasahau, shemeji."

Mimi nisahau! Mimi ninayekumbuka viatu alivyokuja navyo kuposa, na kwamba vilikuwa vya kuazima!

Mwaka huu binti akatuma dumu la dawa isiyoganda, ya kutia kwenye paneli badala ya maji, na kikaratasi: Baba, tia hii uje. Dumu likakaa mlangoni wiki tatu. Nikaenda nikamvaa.

"Hilo dumu limekukosea nini?"

"Mpaka nizungushe bomba jipya nje ya tangi, dawa isiguse maji ya kuoga."

"Kazi ya siku mbili hiyo. Usinifanye mtoto mdogo."

Akafuta mikono kwenye suruali, na mikono yenyewe ilikuwa mikavu.

"Nikiitia, shemeji, jioni nitafanya nini?"

Nikalisukuma dumu mpaka miguuni pake. Nikasema, "Utambeba mjukuu wako."

Jumamosi akalivua tangi koti lake la bati, akalizungushia bomba la shaba, akafunga pampu ndogo, akatia dawa. Jumatatu akapanda basi, ufunguo wa nyumba akaniachia mimi.

Jioni ya baridi kali ya kwanza, saa yake ileile ya koki, akanipigia simu.

"Kumeganda huko?"

"Barafu tupu."

"Na paneli?"

"Salama."

"Tangi umeligusa?"

"Linaunguza, mwanaume wewe!"

Nikasikia mtoto analia, na binti akiita, "Baba, mpokee huyu, nina sufuria motoni!"

"Ngoja, shemeji, nimeitwa," akasema. Simu ikakatika.

Kesho yake saa ile nikaenda bafuni kwake, nikaiweka simu juu ya kigoda, nikaingojea. Haikulia, wala siku iliyofuata. Nilifurahi kwa ajili yake, sisemi uongo. Maji yalikuwa ya moto, tangi zima, na hapakuwa na wa kuyaoga. Nikavua kanga, nikaoga mimi, taratibu, mpaka dirisha likaingia giza.