Jinsi Sura ya Nne Ilivyohama

Mtu aliyefunga tasnifu nyingi kuliko yeyote mnayemjua aliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe alilimaliza kwa kusukumwa. Watu walimwita Gundi. Mama yake alimpa jina jingine, zuri tu, lakini baada ya miaka ishirini na sita ya vidole vinavyonata hata mkewe alilisahau, na barua za ofisi ya mtaa zilikuja zimeandikwa Gundi.

Chumba chake kilikuwa hatua hamsini kutoka lango la chuo kikuu, chembamba kiasi kwamba ukiingia na mkoba begani, mkoba hutoka na chokaa ya ukuta. Ndani mlikuwa na meza moja ndefu, kibanio cha chuma chenye usukani kama wa lori, na mashine ya kukatia karatasi ambayo mwaka wa kwanza tu ilimla ncha ya kidole cha shahada. Gundi alipenda kusema kwamba hiyo ndiyo shahada pekee aliyozaliwa nayo, na chuo kiliichukua kabla ya mahafali.

Kila kitivo kilikuwa na rangi yake. Insia jalada la bluu, Elimu kijani, Teknolojia rangi ya damu ya mzee. Gundi aliwajua wateja wake kabla hawajafungua mdomo. Watu wa insia walikuja na kurasa mia nne na visingizio mia tano. Watu wa elimu walikuja na majedwali, na ndani ya kila jedwali kulikuwa na mtoto. Watu wa teknolojia walikuja na kurasa themanini, wakasimama mlangoni bila kuketi, wakauliza itachukua dakika ngapi.

Na mambo waliyotafiti, ukiambiwa utadhani unadanganywa. Mama mmoja alikaa miaka minne akikusanya majina ambayo watu huwapa mbwa wao, akagundua kwamba mtaa wenye ugomvi mwingi ndio wenye mbwa wanaoitwa kwa majina ya majirani. Mwalimu mmoja alihesabu ni mara ngapi walimu wa hesabu husema "hii ni rahisi" kabla mtoto hajashindwa. Mwingine aliunda kofia ya kumwamsha dereva anayesinzia, na siku aliyoleta kazi yake alilala kwenye benchi la Gundi, kofia mkononi. Yote hayo yalipita juu ya meza ile moja, na Gundi alijihesabia kuwa amesoma kila kitu. Profesa mzima, alisema, anajua kitu kimoja tu na hicho hicho anakisahau akiulizwa ghafla, lakini yeye anajua elfu tatu.

Ushahidi wake ulikuwa ni kusoma kwa sauti. Kabla ya kufunga kazi yoyote alimsomea shemeji yake ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, na mara nyingine ukurasa mzima wa katikati, kwa sauti nzito ya mtangazaji wa habari. Shemeji huyo, kaka wa mkewe, alikuwa na duka la steshenari lililokuwa nusu ya mlango uleule: kalamu, rula, karatasi, gundi za kila aina. Yeye alikuwa hasomi chochote zaidi ya maandishi ya kwenye maboksi, lakini masikio alikuwa nayo, na Gundi alimwambia kwamba hilo latosha kwa mtu wa ukoo wao.

Basi mwaka ule mpwa wake naye akaleta tasnifu. Alikuwa mtoto wa dada yake, mwalimu wa darasa la nne, na shahada yake ya uzamili katika elimu aliisomea jioni na Jumamosi kwa miaka mitatu, madaftari ya wanafunzi yakiwa kwenye mfuko mmoja na vitabu vya chuo kwenye mwingine. Watahini walikuwa wamekwisha kuipitisha. Kilichobaki ni kukabidhi nakala mbili zilizofungwa kwa jalada gumu, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa saa kumi alasiri. Chuo cha ualimu kilikuwa kimemwahidi kazi ya kufundisha walimu, kwa sharti kwamba Jumatatu asubuhi apeleke karatasi yenye mhuri kuonyesha kwamba amekabidhi. Akichelewa, nafasi hiyo anapewa aliyemfuata kwenye orodha, na yeye asubiri mwaka mwingine.

Gundi alimwambia aende zake shuleni akafundishe. Kazi ya mpwa wake ataifunga kwa uzi na gundi nyeupe, ile inayokauka kwa siku nzima, siyo kwa ile gundi ya moto ya wavivu wa ng'ambo ya barabara ambayo vitabu vyake huachia kurasa kama kuku aliyenyonyoka. Mpwa alisema ahsante, mjomba, na akaenda.

Sasa, Gundi alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kibanio chake kilichukua vitabu vinne, kwa hiyo alifunga kazi mbili kwa pamoja, nakala mbili za huyu na mbili za yule. Alipanga sura zote mezani kwa mafungu, kama mtu anayegawa karata, kisha akapita akiokota: sura ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliangalia namba za chini ya ukurasa, wala si zaidi. Namba zikifuatana, kitabu kimekaa sawa. Alhamisi ile, mafungu mawili yaliyokuwa mezani ni ya mpwa wake na ya mhandisi mmoja aliyetengeneza kifaa cha kusikiliza mabomba ya maji chini ya ardhi ili kujua yanavuja wapi. Chuo kilitaka wote waandike kwa herufi za aina moja, pambizo za upana mmoja. Na sura ya nne ya mpwa ilianza ukurasa wa sitini na moja ikaishia wa themanini na nne, na ya mhandisi vilevile. Hao ni watu wawili ambao hawajawahi hata kusalimiana.

Ijumaa saa sita na nusu Gundi alilegeza usukani, akatoa kitabu kimojawapo cha mhandisi, akakipiga kofi la mgongoni kama mtu anayempongeza mtoto. Akamwita shemeji aje asikie teknolojia ya siku hizi. Akafungua katikati, akakohoa, akasoma kwa ile sauti yake. Mtoto wa nane, alisoma, alitamka maneno yote ya ukurasa bila kosa hata moja. Kitabu kilipofunikwa akaulizwa amesoma nini. Akajibu: nimesoma vizuri.

Akageuza ukurasa ili aendelee.

"Shemeji," alisema mwenye duka, "hilo bomba nalo linasoma darasa la ngapi?"

Gundi alimwambia asikatize mambo asiyoyajua. Kisha akatazama ukurasa. Akatazama wa nyuma yake, na wa mbele. Hapakuwa na bomba. Palikuwa na watoto thelathini na wawili wa darasa la nne, na jedwali. Akakivuta kitabu cha kijani kutoka kwenye kibanio, akakifungua ukurasa wa sitini na moja, na huko maji yalikuwa yakivuja usiku na mchana kwa kipimo cha lita kwa saa.

Alikaa kwenye benchi. 

Shemeji ndiye aliyeanza kupiga hesabu. Ofisini hawasomi, alisema kwa sauti ya chini, wanatazama jalada na saini. Maktabani kitabu kitawekwa rafu ya juu na kitakula vumbi mpaka wote wawe wazee. Mpwa atapata mhuri wake, kazi yake, kila mtu atalala. Mhandisi anakuja Jumatatu, na ya kwake yatatengenezwa taratibu. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anajua tu kwamba uzi ule na gundi ile nyeupe, kuvifumua na kuvifunga upya, ni kazi ya siku mbili, na zilikuwa zimebaki saa tatu na nusu.

Gundi aliisikiliza hoja hiyo hadi mwisho, na tusimpake rangi, ilimwingia. Tena alishaanza kulirudisha lile jalada la kijani kwenye kibanio, mpwa alipotokea mlangoni. Alikuwa amepewa ruhusa na mwalimu mkuu, akawahi kuliko walivyomtarajia, chaki ingali kwenye mkono wa blauzi. Aliuliza kama vimekauka.

Mjomba alisema vimekauka. Akasema jalada limetoka vizuri sana, herufi za dhahabu zinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Akasema pia kwamba kazi yenyewe ameisoma yote, na ni kazi ya maana.

Mpwa alifurahi. Hata watahini, alisema, mmoja tu ndiye aliyeonekana kuisoma yote.

"Sura ya nne umeionaje, mjomba?"

"Nzuri."

"Umesoma nini?"

Aliuliza bila ubaya, kwa mazoea, kama alivyowauliza watoto wake thelathini na wawili baada ya kuwafunikia kitabu. Gundi alimtazama, akatazama kibanio, akatazama kidole chake kifupi.

"Namba," alisema. "Nimesoma namba za chini, mwanangu. Sura yako ya nne imo kwenye kitabu cha mtu wa mabomba."

Mpwa alikivuta kitabu cha kijani, akafungua, akasoma karibu nusu ukurasa wa mabomba, midomo ikitikisika. Akauliza saa ngapi. Shemeji akamwambia ni saa saba na robo. Akaweka mkoba wake chini, akakunja mikono ya blauzi, akamwomba mjomba kisu.

Kilichofuata Gundi hakupenda kukisimulia, ndiyo maana alikisimulia shemeji. Walichana karatasi za ndani ya majalada, wakavitoa vitabu vinne kama samaki wanaotolewa miiba. Wakakata uzi, ambao Gundi aliushona maradufu kwa mapenzi, na mapenzi yale yaliwagharimu nusu saa. Wakazihamisha sura. Safari hii hakuna aliyetazama namba. Mpwa alisoma mstari wa kwanza wa kila ukurasa kwa sauti, na mjomba akajibu kwa kusema ni wa nani: wa watoto, wa mabomba, wa watoto. Mara mbili alikosea na mara mbili alirekebishwa, na hakubisha.

Matundu ya zamani ya sindano yalikataa kukutana. Saa tisa ilipigwa na kitabu cha kwanza bado kilikuwa kimelala wazi mgongoni. Hapo shemeji alikwenda upande wake wa mlango akarudi na kitu kilichofanana na bastola ya plastiki, akakichomeka kwenye umeme, akakiweka mezani. Ilikuwa gundi ya moto, ile ya wavivu.

Gundi aliishika kama mtu anayeshikishwa nyoka. Akaitumia.

Waliingia ofisi ya shahada za juu ikiwa imebaki robo saa, mjomba akiwa amevikumbatia vitabu viwili kifuani kuvibana, shati likinata. Karani wa kaunta alikuwa mtu wa miwani, aliyepiga mhuri kama anayeua mende. Alikuwa pia na shahada ya historia, na jalada lake la bluu lilikuwa kabatini nyuma yake wageni waone. Akanyoosha mkono kupokea.

"Gundi, hiki kitabu ni cha moto."

"Utafiti mpya huwa hivyo."

Karani akafungua jalada. Mgongo ukatoa mlio mdogo. Mpwa akashika ukingo wa kaunta. Karani akasoma jina, akatazama saini tatu, akafungua tena katikati, na mjomba akamwambia taratibu kwamba asikilaze sana, bado kibichi. Karani alimtazama juu ya miwani. Akakifunga kwa mikono miwili, polepole, akapiga mhuri kwenye karatasi ya makabidhiano, akampa mpwa. Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika saba.

Kisha akageuka kabatini, akatoa jalada lake la bluu, akalilaza mbele ya Gundi.

"Sura yangu ya pili uliiweka mara mbili," alisema. "Mwaka wa tisa huu."

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Nimegundua juzi."

Gundi alikuwa na jibu tayari. Alikuwa amekwisha kufungua mdomo kusema kwamba sura yenyewe ilistahili kusomwa mara mbili. Mpwa wake akamtazama, karatasi ya mhuri mkononi, na jibu likarudi lilikotoka. Akasema kilete Jumatatu, nitakifumua nikifunge upya.

Mpwa alianza kazi yake mpya mwezi uliofuata. Vitabu vyake viko maktabani, rafu ya juu, na mgongo wa kimoja umeshaanza kuachia.

Mezani kwa Gundi utaratibu uliongezeka kidogo. Bado anasoma kwa sauti ya mtangazaji, na bado anasema anajua mambo elfu tatu. Lakini akimaliza ukurasa, shemeji hunyoosha mkono kutoka upande wake wa mlango, akaufunika kwa karatasi, akauliza amesoma nini. Bila jibu, kibanio hakifungwi. Majina ya mbwa angeyajibu hata usingizini. Tasnifu ya mabomba ilimshinda. Mhandisi alipofika Jumatatu ile kuchukua vitabu vyake aliambiwa bado, akaanza kulalamika palepale mlangoni, bila kuketi, kama kawaida yao. Gundi akamwekea benchi. Akamwomba amweleze kazi yake, pole pole, kuanzia pale kifaa kinaposikia maji.