Mto Uliowashinda Wazee Watatu

Kila ninaposikia harufu ya dawa nyeusi ya viatu, dharau hunijaa kifuani. Nivumilieni, nitaeleza.

Kanisa letu dogo, pembezoni mwa Butembo, halikuwa na mchungaji. Liliongozwa kwa pamoja na wazee watatu: muuza mbao, mwalimu, na karani wa serikali aliyetumwa kwetu kutoka Kasai. Hakuna aliyekuwa juu ya mwenzake. Ni mpango mzuri, bado naamini hivyo, ukipata watu. Sisi hatukupata. Mezani walikuwa sawa kabisa: kila mmoja alitaka paja, na kwa kuwa kuku ana mapaja mawili tu, nyanya yangu alilazimika kuchinja wawili. Siku za ibada walihubiri wote, wa tatu akirudia maneno ya wa kwanza kwa sauti kubwa zaidi.

Nyanya alikuwa mgonjwa wa kifua, na aliomba abatizwe. Kwetu asiyebatizwa hakuimbiwa kaburini. Kufa hakukumtisha, alichoogopa ni kufukiwa kimyakimya.

Siku yenyewe tulishuka mtoni asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya maji. Ninyi wa Beni, huku kwenye joto, hamuijui baridi ya kwetu. Nyanya aliingia peke yake mpaka kiunoni, kitenge kikavimba kumzunguka, akageuka akangoja. Wazee walisimama ukingoni, viatu vyao vyeusi vinang'aa kwa dawa.

“Mwalimu, ingia weye,” muuza mbao akasema kwa upole. “Weye ndio unajua Maandiko.”

“Hapana, ndugu. Weye ulitangulia mu kanisa. Miye nitakupita namna gani?”

Wakamgeukia karani. Karani akasema yeye ni mgeni hapa Kivu, donc, kwa hiyo, anawaachia wenyeji heshima hiyo. Basi wakaomba, Mungu awaonyeshe nani atangulie. Waliomba kwa muda mrefu. Sijaona tena unyenyekevu wa namna ile, na wote uliletwa na maji baridi.

Nyanya akaanza kukohoa, midomo imekuwa rangi ya majivu. Mama yangu, aliyekuwa akituongoza katika nyimbo, akavua ndala zake, akaingia. Akamshika mgongoni, akataja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, akamzamisha.

Hapo wazee wakapata sauti moja. Ubatizo huo si kitu, walisema, kwa maana hakuna mzee aliyeingia majini.

Nyanya akapanda ukingoni akitiririka maji, akasimama mbele yao.

“Miye nimelowana, batoto bangu,” akasema. “Biatu byenu bingali bikavu. Kati yetu, nani bado hayabatizwa?”

Alifariki kabla ya mahindi kukomaa. Kaburini wazee walijitenga kando kujadili nani atangaze kwamba hataimbiwa. Muuza mbao akampa mwalimu nafasi, mwalimu akampa karani, karani akakumbuka tena ugeni wake. Wakati wangali wakipeana heshima hiyo, mama akaanzisha wimbo, nasi sote tukaupokea.

Utotoni nilidhani walichoogopa ni baridi. Nilipokua nikaelewa kwamba baridi ilikuwa kisingizio. Anayetangulia ndiye wa kulaumiwa mambo yakiharibika, na wale watatu walikuwa wamegawana uongozi vipande vidogo hivi kwamba lawama isimpate yeyote. Nyanya aliimbiwa kwa sababu hata ubaya wao ulikosa mtu wa kuuanza.