Nilimpigia Taa, Akakata Kona Kuelekea Kwangu

Msinitukane kabla sijamaliza. Mkifika mwisho, ruksa, nitukaneni mpaka mchoke, maana kosa ni langu na nimetafuta mtu wa kumsingizia nimemkosa.

Mimi ni dereva. Naendesha kenta, nabeba mihogo na nanasi kutoka vijiji vya Kisarawe naleta Kibaha, na siku ambazo mzigo wa shamba hakuna nabeba chochote. Nyumbani kwangu ni Picha ya Ndege, nyuma ya barabara kuu, kwenye njia ya vumbi inayoingia mitaani kabla ya shule na kutokea tena barabarani ukishaipita shule. Ikumbukeni hiyo njia. Mimi siku hiyo niliisahau, na ndiyo napita kila siku kwenda kulala!

Sasa kama hamjawahi kushika usukani, hamjui adabu zetu. Dereva akiona trafiki, akikutana na mwenzake njiani anampigia taa. Pa, pa, pa. Maana yake jiangalie, wapo mbele. Mwenzako anafunga mkanda, anapunguza mwendo, au kama ana lake jambo anatafuta pa kuchepukia. Mkipishana anakunyooshea mkono wa asante. Humjui, hakujui, lakini unajisikia umetenda wema.

Kijiweni kwetu asiyepiga taa tulimwita mchoyo. Na mimi nilikuwa namba wani! Mkono wangu ulikuwa unapiga taa wenyewe, kichwa kinapewa taarifa baadaye.

Pale kwenye zebra ya shule alikuwa anasimama trafiki mmoja wa kike. Jina lake silitaji. Sisi madereva tulimwita Mama Filimbi, maana ile filimbi yake ukiisikia mguu unakanyaga breki wenyewe. Hababaiki na mtu. Ukimwambia, "Afande, si tunajuana jamani," anakujibu, "Ndiyo maana najua tairi lako la nyuma limeisha. Weka pembeni." Aliwahi kuniweka juani na mzigo wa nanasi mpaka nikabadilishe tairi. Siku ile nilimtukana kimoyomoyo matusi ambayo sikujua kama ninayo.

Haya. Mke wangu kwao ni Chole, Kisarawe. Mama yake ni mwanamke wa jembe, asiyejua kukaa bure. Macho yakaanza kumsumbua, mke wangu akasema mama aje Kibaha atazamwe. Nikamfuata mwenyewe na kenta, nikamkalisha mbele. Njia nzima kajiziba pua na kanga kwa harufu ya mafuta, huku ananiombea: "Mungu akuweke, baba." Sijawahi kukosana na mama mkwe wangu hata kwa neno moja. Ananiita baba, namwita mama, basi.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, watoto wanatoka shule. Nilikuwa nimeshashusha mzigo, naelekea Mlandizi kufuata mwingine. Nilipofika zebra nikamkuta Mama Filimbi kasimama katikati ya barabara, mikono kainyoosha, watoto wanavuka mbele yake. Hakuwa na tochi ya kupima mwendo. Hakuwa anakagua leseni ya mtu. Alikuwa anavusha watoto tu, nami nililiona hilo kwa macho yangu haya mawili. Kundi lile likamaliza kuvuka, akanipungia mkono nikapita.

Mbele kidogo nikaona kenta nyekundu inakuja, imejaa tofali, imefunikwa turubai la bluu. Mkono ukaenda. Pa, pa, pa!

Yule dereva akaninyooshea mkono wa asante. Kwenye kioo nikamwona anakata kona, anaingia ile njia ya vumbi. Nikacheka, wallahi. Nikasema, "Mjanja yule, leo Mama Filimbi kapatikana." Nikaongeza sauti ya redio.

Sikuwa nimefika Mlandizi simu ikaita. Nikaegesha. Alikuwa mke wangu, lakini hakukuwa na neno, ni kilio kitupu. Jirani yetu akamnyang'anya simu. "Mkweo kagongwa hapa njiani! Alikuwa anatoka dukani kununua chumvi. Kenta imemgonga, imekimbia!"

Nikauliza, "Kenta gani?"

Mtu anaambiwa mkwe wake kagongwa, anauliza kenta gani! Hata jirani alishangaa. Akanijibu, "Nyekundu, ina turubai la bluu. Sasa itakusaidia nini? Njoo!"

Niligeuza gari pale pale.

Nyie, mnajua nani alifika wa kwanza pale? Mama Filimbi. Alisikia mayowe, akawakabidhi watoto waliobaki kwa mwalimu, akakimbia na mabuti yake yale. Watu wamezunguka, wengine wameshatoa simu wanapiga picha. Akapuliza filimbi wakatawanyika. Akavua mkanda wake wa kiunoni, akamfunga mama paja kwa nguvu zake zote, akasimamisha gari la mtu asiyemjua, akapanda naye nyuma, kichwa cha mama kimelala mapajani kwake mpaka hospitali. Daktari alituambia bila ule mkanda mama asingefika.

Mguu haukupona. Waliukata chini ya goti.

Nilipofika hospitali nilimkuta Mama Filimbi kwenye benchi, sare imelowa damu, anamshika mke wangu mkono. Akasimama kunipisha nikae. "Pole sana, kaka. Mama yenu ni jasiri, hakuacha kutaja Mungu." Nilishindwa kumwangalia. Akadhani ni uchungu, naye akaniacha nilie.

Yule dereva alikamatwa baadaye. Kumbe leseni yake ilikuwa imekwisha muda, ndicho alichokuwa anakikimbia. Leseni! Kitu cha kwenda kuhuisha.

Mama hakurudi Chole. Anakaa kwetu. Macho yaliyomleta yalitibiwa, akaona vizuri kabisa kwamba mguu haupo. Shamba lake linalimwa na watu baki. Mikono yake haiwezi kutulia, basi akaniomba nimletee ukindu kutoka huko huko kwao, akawa anasuka mikeka barazani kutwa nzima. Kila nikitoka asubuhi: "Shikamoo mama." "Marahaba baba, Mungu akulinde na mabaya ya barabarani." Kila asubuhi ananiambia hivyo, jamani! Kila asubuhi!

Ningesema siku ile ile hospitali, labda leo ningekuwa nimeshasamehewa, au nimeshafukuzwa, moja kati ya hayo. Nikajiambia subiri atoke wodini. Akatoka. Nikasema subiri kidonda kipone. Kikapona. Uongo wa kunyamaza ni mtamu kuuanza, hauna hata neno la kukumbuka.

Ndipo mtaa ukaamua kuwashukuru trafiki wetu. Mwenyekiti wa mtaa akaja nyumbani, kakaa barazani karibu na mama. "Kila siku tunawalaumu," anasema. "Huyu mama wa zebra kaokoa mtu, na tangu aje pale hakuna mtoto wetu aliyeguswa. Tumpe cheti mbele ya watu, yeye na wenzake. Na msemaji ni wewe, bwana. Wewe una pande zote mbili. Ni dereva, halafu ni mkwe wa mgonjwa."

Nikamwambia sina sauti ya kuongea mbele za watu. Akacheka. "Wewe? Kijiweni unasikika mpaka sokoni!"

Mke wangu akafurahi. Akaninyooshea shati kwa pasi mara mbili. Mama akauweka pembeni mkeka mzuri kuliko yote, wa rangi, akasema huo hauuzwi.

Siku ikafika. Turubai uwanja wa shule, viti, spika, watoto wamepangwa mstari wanaimba. Madereva wenzangu wamejaa upande mmoja, tumeambiwa tuvae vizuri. Wakanipa maiki.

Niliongea vizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Nikasema madereva tuna vichwa vigumu, tubadilike, trafiki si adui yetu. Nikasema huyu mama ametufunza utu. Watu wanapiga vigelegele, mimi naendelea! Mama akasogezwa na kiti chake cha magurudumu, akamkabidhi afande mkeka. "Mwanangu, mimi sina kitu. Tandika huu ukichoka kusimama." Mama Filimbi yule yule, mkali kama pilipili, akapiga magoti mbele ya kile kiti akalia.

Kisha akaomba aseme neno. Nikamsogezea maiki.

"Nawashukuru sana," akasema. "Lakini kuna jambo linanikaa rohoni. Yule dereva tulipomhoji alisema hakuwa na mpango wa kuingia mtaani. Alipigiwa taa. Na mimi siku ile sikuwa namkamata mtu, nilikuwa navusha watoto. Angekuja taratibu, ningempungia mkono akapita zake. Na huyu mama angefika nyumbani na chumvi yake."

Upande wa madereva kila mtu anaangalia viatu vyake.

Mke wangu akasimama. Mke wangu si mtu wa kusimama mikutanoni, nawaambieni. "Afande, huyo aliyepiga taa anajulikana?"

"Hapana, dada. Hatukumpata."

Akanigeukia mimi. Maiki nimesharudishiwa, iko mkononi. "Baba watoto, nyie madereva si mnajuana? Mtafuteni basi!"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mlango ulikuwa wazi wote. Afande yupo, mwenyekiti yupo, mama yupo, mke wangu ananitazama. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Tutamtafuta. Na tukimpata, tutamleta hapa hapa mbele yenu!"

Makofi! Yarabi, nilipigiwa makofi!

Tulipokuwa tunatoka, dereva mmoja akaninong'oneza huku anacheka, "Kaka, ukianza kumtafuta huyo utatukamata wote. Nani hapa hapigi taa?" Wenzake wakacheka. Mimi nikasema nawahi kumsukuma mama kwenye kiti.

Njiani, namsukuma kwenye ile njia ya vumbi, tumefika mahali penyewe karibu na duka, mama akaniuliza kwa upole tu, kama anayeuliza habari za mvua: "Hivi baba, na wewe huko barabarani mnapigiana hizo taa?"

Nikasema, "Mimi? Hapana mama. Sijawahi."

Akasema, "Alhamdulillahi." Mimi nilikuwa nyuma ya kiti, uso wangu hakuuona.

Tangu siku ile sipigi taa. Wenzangu wamegundua, wananiita mchoyo, wengine wanasema trafiki wamenifuga. Nikipita zebra Mama Filimbi ananipungia mkono kama ndugu yake, na mimi mkono wangu unakuwa mzito kuunyanyua. Nikiona gari linanipigia taa, nalitazama kwenye kioo mpaka lipotee, nione litakata kona wapi.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa liko nyumbani. Kila siku tukimaliza kuswali magharibi, mimi mbele, mke wangu nyuma, na mama kwenye kiti chake, mke wangu anaomba dua. Anawaombea watoto, anamwombea mama, anamwombea Mama Filimbi kwa jina lake kamili. Halafu sauti inabadilika. Anasema, "Ewe Mola, na yule aliyepiga taa, usimpe raha mpaka ajitokeze."

Na mimi, kwa kuwa niko mbele, naitikia kwa sauti: "Amin."

Ndugu zangu, nimeitikia Amin hiyo sijui mara ngapi. Na imepokelewa, maana raha sina.

Madereva wenzangu, najua mtaniita msaliti, haya niiteni. Acheni hiyo taa. Ukimwona trafiki amesimama, yule mwenzako anayekuja mwache amkute. Kama ana kosa, ataandikiwa, atalipa, atalala kwake. Ukimpigia taa hujui unamtuma wapi. Mimi nilimtuma mlangoni kwangu. Na wewe mwingine, mwenye lako unalolificha nyumbani, usijidanganye kwamba unasubiri siku nzuri. Mimi siku nzuri nilipewa, na maiki juu.

Sasa basi. Mke wangu anasoma ukurasa huu kila wiki. Anausoma kwenye simu kwa sauti, barazani, mama anasuka, mimi nasikiliza, na hukaa tukiwajadili watu wanaoandika humu na ujinga wao. Nimeshindwa kumwambia kwa mdomo. Nimejaribu nikiwa nimekaa, nikiwa nimelala, nikiwa nimeshika mlango. Ndiyo maana nimeandika hapa.

Mama watoto, nadhani ulishanijua tangu pale kwenye kenta, na huenda sauti imeshakukatika. Malizia kusoma, mama naye asikie. Mimi nipo hapo hapo kwenye mkeka, sijaondoka. Yule niliyeahidi kumleta, nimemleta.