Kajiwe Chini ya Ulimi

Niliondoka Iga Barrière kwenda Bunia kwa sababu ya taya langu la kushoto. Kila nilipoanza kula, kitu kilivimba chini ya taya, kikubwa kama yai, kikaniuma mpaka naacha bugali. Nikikaa saa moja bila kula, kinashuka. Ilikuwa hivyo mwaka muzima, na ninyi wa Iga munajua maneno niliyosema: kwamba shemeki Dorika, bibi ya marehemu kaka yangu mukubwa, ananitilia sumu.

Zabuloni simuachi nje ya habari hii. Ni yeye, mutu wa mizizi, aliyeniuliza: "Inavimba wakati gani?" Nikajibu, nikila. "Nani anapika?" Uchunguzi wake wote ndiyo huo. Alinichanja wembe mara tatu, akapaka majivu, akasema nisiguse tena sahani ya Dorika. Dorika huyo, tulipokimbia mapanga kule Djugu na mimi nimepigwa mpaka sifungui kinywa vizuri, alinitafunia muhogo siku nne, akanilisha kwa kidole. Nikamufukuza jikoni. Nikapika mwenyewe, na taya likavimba vile vile. Nikasema amepakaa sufuria sumu.

Asubuhi ya safari nilipanda pikipiki nikiwa na njaa, maana niliogopa kula. Katikati ya njia, mwenye pikipiki alisimama kununua ndizi za kuchoma, akanikatia moja.

"Kamata, muzee."

"Sili njiani."

"Unaogopa nini? Miye si bibi yako."

Alicheka peke yake. Tuliendelea na vumbi.

Saa sita nilifika Bunia, mutaa wa Ngezi, kwa Mama Jozefina, tuliyekimbia naye pamoja. Alinipa sombe, majani ya muhogo, na samaki. Njaa ilinishinda, nikala. Kwa tonge la tatu taya likapanda. Mama Jozefina aliniangalia, akaweka kijiko chini.

"Dorika iko Iga, si vile?"

"Iko Iga."

"Na chakula hii nimepika miye. Basi na miye niko mulozi?"

Nilishika taya kwa kiganja. Akasema: "Kesho unaenda lopitali. Ukikataa, unalala inje."

Kesho yake munganga alikuwa mwanamuke kijana. Aliweka kidole kimoja chini ya ulimi wangu, kingine inje chini ya taya, akavisogeza polepole kama mutu anayetafuta kokoto katika mufuko wa muchele. Halafu akakata ndimu.

"Fyonza hii, baba."

"Imetoka wapi?"

"Sokoni. Nimeikata mbele yako."

Nikafyonza. Taya likapanda pale pale, mbele ya macho yake, na yeye akatabasamu. Hiyo iliniudhi.

"Chini ya taya kuko kifuko cha kutengeneza mate," akasema. "Ukila, ao ukifyonza kitu kikali, kinatuma mate kwa njia nyembamba mpaka chini ya ulimi. Njia yako imeziba. Mate inakosa pa kupita, kifuko kinavimba."

"Imeziba na nini?"

"Jiwe."

"Sijameza jiwe."

"Hukumeza. Limejijenga mu mate yako mwenyewe."

Alinichoma sindano ya ganzi, akapasua kidogo chini ya ulimi. Nikasikia kitu kinalia ndani ya bakuli ya chuma: jiwe la njano, dogo kuliko punje ya mahindi. Mate ikafuata, ya moto, ikatiririka mpaka kidevuni. Sikuipanguza. Mwaka muzima haikupita vizuri, niliiacha ipite.

Kisha akaleta kichupa, akaomba niteme mate ndani. Alisema anachunguza kwa nini mate ya mutu mumoja inaganda jiwe na ya mwenzake hapana. Hata wao hawajui vizuri. "Ukikataa, nitakutunza vile vile," akasema. Kwetu mate haiachwi mikononi mwa mugeni, asije akakuloga nayo. Nikakumbuka muhogo wa Dorika, ile mate niliyomeza siku nne na ikaniponya. Nikatema. Aliomba na jiwe, hilo nikamunyima. Nilikuwa na mutu wa kumuonyesha.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, nilirudi Iga. Dorika alikuwa anachambua maharagwe. Nikaweka jiwe mu kiganja chake, nikamueleza yote.

"Ni haka?"

"Ni haka."

"Haka ndiko kalinitoa jikoni mwaka muzima?"

"Si haka, shemeki. Ni Zabuloni."

"Zabuloni alisema mara moja, kwake. Weye ulisema kila siku, mu hii lupango, ndani ya ua wetu, watoto wangu wanasikia."

Ndiyo maana ninawaandikia. Mwenye kuvimba akila, aende lopitali kabla hajataja mutu. Mimi nilitaja asiye na kosa. Leo ninataja wenye kosa: Zabuloni, na mimi mwenyewe.

Dorika hakusema amenisamehe. Alileta bugali na maharagwe, akaketi mbele yangu, macho yake kwenye taya langu. Nilikula tonge la kwanza, la tatu, la kumi. Kidonda kiliwasha kidogo, taya likabaki chini. Sahani ilipoisha, alichukua mwiko akaniongezea bila kuniuliza.