Nilimuua Ndeshi, Kisha Nikamwita Mlevi

Nimekosa, ndugu zangu. Jina sitalitaja, maana mimi ni mwoga, na woga ndio ulionifikisha hapa.

Nachora majengo hapa Arusha. Kuna moja nililichora, maduka juu, maegesho ya magari chini ya ardhi. Mchoro wa kwanza ulikuwa na shimo la kutolea moshi, kutoka chini hadi paani. Tajiri akaona linamega duka la mbele. "Toa hilo dude," akasema. Nikalitoa! Na jenereta nikalisukumia huko huko chini, jirani na kibanda cha mlinzi.

Mlinzi alikuwa Ndeshi, mama wa watoto wawili, mtu wa Nkoaranga. Siku moja akanisimamisha. "Shikamoo injinia. Jenereta likiwaka, kichwa kinanigonga, natapika."

"Labda una mimba," nikamjibu, mbele ya vijana waosha magari. Wakaangua kicheko. Hakulalamika tena.

Wiki ya mvua kubwa umeme ukakatika tangu asubuhi. Maji yasiingie, wakafunga geti la chuma la maegesho. Jenereta likanguruma kutwa nzima. Jioni mwenye gari mmoja alishuka akamkuta Ndeshi kwenye kiti, kidevu kifuani, kama amesinzia. Alishapoa.

Tajiri akanipigia. "Tutasemaje?"

Mimi, siyo yeye, ndiye niliyesema, "Tuseme alikuwa amelewa."

Jamani! Ndeshi hakugusa hata mbege, pombe ya ndizi ya kwao! Lakini polisi waliokuja kuuliza waliniamini. Mimi nilikuwa na digrii, yeye alikuwa na rungu. Jenereta likahamishiwa nje kimya kimya.

Nikaenda kuzika. Mama yake akanivuta migombani. "Baba, wewe ulikuwa naye kazini. Ni kweli alikunywa? Hata kwaya imegoma kumwimbia."

"Ni kweli, mama."

Akanishika mikono yote miwili. "Basi mtusamehe kwa aibu aliyowaletea."

Aliniomba radhi mimi! Nami nikamwambia, "Yameisha, mama."

Nilipomweleza mke wangu, alichukua watoto akarudi kwao Ngarenaro. "Kama maiti umeisingizia," akasema, "mimi niliye hai utanifanyaje?"

Nyie mnaochora majengo, msiuze pumzi za watu. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, marehemu akiwa bado mochwari. Ukilala nao, uongo huo unaota mizizi. Nimeshafika mara nyingi chini ya kilima cha kwao Ndeshi ili nikamwambie mama yake ukweli, nikazima gari, nikakaa. Kisha nikageuza.